Shangazi Hajalewa

1

Kengele ya bonde la Lihanga ililia asubuhi, Blandina Kikoti, mkuu wa kituo cha farasi, akiwa amepiga goti anakagua kwato za farasi wa posta. Bondeni hakuna aliyeisikia. Ilikitikisa tu kioo alichokivaa mkononi, kisha kioo kikawaka rangi ya njano. Aliuachia ukwato, akasimama, akafuta viganja kwenye aproni. Njano ile hakuwa ameiona tangu msimu wa aibu.

"Ni nani?" aliuliza Kanisius Mapunda, daktari wa mifugo, akichungulia kutoka zizini.

"Tuna farasi wangapi wa kengele, mtani? Ni Shangazi."

"Ninyi Wahehe mtu akiwauliza swali mnamjibu kwa swali. Ndiyo maana vita vyenu na babu zetu Wangoni havikuisha."

"Chukua mkoba. Vita tutamalizia njiani."

Walimkuta Shangazi kwenye malisho ya chini, kando ya vinyungu, zile bustani za kiangazi zinazolimwa kwenye unyevu wa bonde. Alikuwa farasi jike mwekundu, mpana wa kifua. Alikuwa akitembea, lakini miguu ya nyuma ilipishana kama ya mtu anayetoka kilabuni na hataki mkewe ajue. Wagema watatu wa ulanzi, pombe ya mianzi, waliegemea uzio, wanacheka mpaka machozi.

"Kamwene, Mama Kikoti!" alisema mkubwa wao, Mzee Yustini Mgovano. "Usipate taabu. Shangazi yetu ameufungua msimu."

"Kamwene, baba. Ameufunguaje?"

"Mbeta ya kwanza ya mwaka huenda kwa shangazi wa ukoo. Hilo unalijua, nawe ni binti wa hapa. Sasa shangazi wa bonde zima si huyu? Nimemletea mbeta ya ulanzi alfajiri. Ningemnyima, mianzi ingetununia."

"Mbeta nzima? Kopo zima la mwanzi?"

"Na ya pili aliiomba mwenyewe. Shangazi gani anakunywa moja?"

Wenzake walicheka upya. Kanisius hakucheka. Alichoma shingo ya farasi kwa sindano ndogo, akadondoshea damu kwenye kipimo cha mfukoni, akakisoma, kisha akamwonyesha Blandina. Pombe ilikuwamo. Tena nyingi.

2

Tangu barabara ya mteremkoni ilipomezwa na maporomoko, na mafuta ya magari kuwa kitu cha kusimuliwa, nyanda za juu ziliishi kwa farasi. Farasi walibeba chai, wagonjwa, barua na mitihani ya shule. Baridi nayo ilikuwa imepungua mwaka hadi mwaka, na mbu, ambaye zamani aliishia chini ya mlima, alipanda taratibu kama mtu anayehama na mizigo yake. Alipopanda alikuja na homa ya ubongo.

Virusi vya homa hiyo huishi ndani ya ndege wa majini. Mbu huvitoa kwa ndege, huvipeleka kwa farasi au kwa mtu, na safari yao huishia hapo. Farasi hamwambukizi farasi mwenzake, wala hamwambukizi mtu. Huugua na kufa na siri yake. Chanjo ya farasi ilipatikana mapema. Ya watu ilikuwa bado inatafutwa. Watu wazima wengi walipata homa ya siku chache na kupona. Watoto hawakuwa na bahati hiyo. Waliopona kati yao, baadhi walisahau majina ya mama zao.

Ndipo ilipobuniwa kengele. Kila bonde lilichagua farasi mmoja asichanjwe. Nyuma ya sikio lake, ndani ya mfupa, kiliwekwa kifaa chenye ukubwa wa punje ya mtama, kinachosikiliza ubongo. Ubongo ukipata joto na mtetemo usio wa kawaida, kifaa hutoa alama ya kwanza, ya njano. Virusi vikishaanza kuvunja vile vijinyuzi vinavyoiongoza miguu na ulimi, ubongo hutoa mpigo wake wa pekee, ambao hakuna ugonjwa mwingine unaoweza kuuiga. Hiyo ni alama ya pili, nyekundu. Damu haifai kwa kazi hii, kwa sababu farasi anapoanza kuyumba, virusi vimekwisha kuiacha damu na kujificha kichwani.

Dawa ya kumwokoa farasi ilikuwapo. Ilifanya kazi kati ya njano na nyekundu tu, na ikishaingia, kengele hunyamaza. Baada ya nyekundu haina maana tena.

Ikionekana nyekundu, Bodi ya Kengele hurusha ndege zisizo na rubani, nazo humwaga ukungu unaoua mbu. Ukungu huo huua na nyuki. Katika msimu wa aibu, Lihanga waliomba ukungu kwa alama ya njano peke yake, Bodi ikawakubalia, nyuki wote wakafa, na baadaye ikajulikana kwamba farasi aliyekuwapo wakati huo alikuwa amekula nafaka iliyochacha. Mwaka ule hapakuwa na asali, wala maboga, wala maharage ya kutosha. Tangu hapo Bodi iliandika sheria fupi: bila nyekundu, hakuna ukungu.

Yote hayo Blandina aliyajua kwa moyo. Alilokuwa akilitazama sasa ni mdomo wa Shangazi. Mdomo wa juu ulikuwa unatetemeka, kidogokidogo, kama wa mtu anayesoma kimoyomoyo.

"Ulanzi haufanyi hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Haufanyi," Kanisius alikubali.

Alifungua redio na kuita Bodi. Mkaguzi wa zamu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama Kikoti, kipimo chenu cha damu nimekiona hapa kwenye mtambo. Huyo farasi ana pombe ya kumlaza mtu mzima."

"Ana pombe na ana homa. Mtu akilewa hazuiwi kuugua."

"Siwezi kuua nyuki wa mabonde mawili kwa mdomo unaotetemeka."

"Sijakuomba unionee huruma, ndugu mkaguzi. Nakuarifu mapema ili ndege zikae tayari."

"Zitakaa tayari. Nyekundu ikitokea."

3

Blandina hakuwa mtu wa kusubiri mtambo umfanyie kazi yake. Alimfunga Shangazi kamba, akamwongoza polepole mpaka kilabu cha ulanzi, kilichojaa tangu asubuhi kwa kuwa msimu ulikuwa mpya. Farasi alipoingiza kichwa mlangoni, kelele za furaha zilipasua paa.

"Shangazi karudi kuchukua chenji!"

"Mpisheni mkubwa akae!"

"Wazee wangu, na kina mama," alisema Blandina, "ninyi ndio mabingwa wa ulevi wilaya hii. Hakuna mtambo unaowafikia. Nimewaletea mtu mnisaidie. Amelewa, au hajalewa?"

"Amelewa!" kilabu kizima kiliitika.

"Haya. Mlevi akiwekewa kikombe mbele yake, hufanya nini?"

"Hunywa!"

"Na akishashiba?"

"Huimba!"

"Huomba mkopo!"

"Baba Mgovano, mwekee."

Mzee Yustini alijaza bakuli, akalipeleka chini ya pua ya farasi kwa fahari ya mwenyeji. Shangazi aliligusa kwa mdomo. Ulanzi uliingia, na wote waliona ukitoka pembeni mwa mdomo na kuchuruzika sakafuni, kwa sababu koo lilikuwa limesahau kumeza. Mzee aliliinua bakuli tena. Ulitoka tena. Kisha Shangazi akamgeuzia mgongo, akaenda ukutani, akaweka paji la uso kwenye udongo mkavu na kuusukuma. Hakuwa akijikuna. Aliusukuma ukuta kwa uzito wake wote, macho wazi, kama mtu anayetafuta mlango mahali pasipo na mlango. Ufa ulitokea, vumbi likamwagika juu ya kope zake, naye hakupepesa.

Kicheko kilikufa kuanzia viti vya mbele kwenda nyuma.

Mzee Yustini alivua kofia. "Huyu hajalewa," alisema. "Nimelewa miaka yangu yote. Huyu hajalewa."

"Mbu wanaouma watoto wenu wanazaliwa wapi?" aliuliza Blandina. Wote walijua, ila alitaka walisikie. Kila mwanzi uliokatwa kwa kugemwa hubaki na kisiki kilicho wazi kama kikombe, na mvua hukijaza. Shamba moja lina vikombe elfu. "Visiki vyote vijazwe mchanga. Mbeta zote zimwagwe. Na mizinga ya nyuki izibwe midomo kwa udongo, kwa maana ukungu utakuja."

"Msimu wote, mama?" mtu alilalamika kutoka nyuma. "Tuumwage msimu wote?"

"Nenda kamwulize Shangazi kama msimu ni mrefu."

Mzee Yustini ndiye aliyetoka kwanza. Walimwona kupitia mlangoni akishusha mbeta yake mwenyewe kwenye mwanzi ulio karibu, akaimimina miguuni pake, kisha akaanza kuzoa mchanga kwa kofia yake.

4

Lihanga ilikuwa imeamka. Lakini kengele ya Shangazi haikuwa ya Lihanga peke yake. Chini ya mlima palikuwa na bonde la Litembwe, makazi ya Wangoni, ambao farasi wao wa kengele alikufa kwa msokoto wa tumbo, na mwingine hakuwa amepatikana. Mpaka apatikane, Litembwe walisikiliza kwa sikio la Shangazi. Huko nako waligema ulanzi, tena zaidi ya Lihanga. Huko ndiko alikokuwa mke wa Kanisius na watoto wao wawili.

Blandina aliwaita kwa redio. Aliyepokea alikuwa Batilda, dada yake Kanisius, mwenye kilabu na mwenyekiti wa bonde.

"Batilda, homa imeingia. Mwageni ulanzi wote, mjaze visiki mchanga leo hii."

Kicheko kirefu kikafuata.

"Jamani njooni msikie! Mhehe anasema tumwage ulanzi! Mtani, kama umeishiwa, sema nikutumie. Usituonee wivu."

"Sina utani leo."

"Ndivyo ulivyosema ulipoiba mbuzi kwenye msiba wa mjomba wangu!"

"Batilda, ni kweli," Kanisius aliingilia, kinywa karibu na redio. "Mimi kaka yako ninasema."

"Kaka, wamekulisha nini hao? Wamekulisha mbwa? Sauti yako yote ya Kihehe sasa." Nyuma yake watu walikuwa wanagonga meza kwa furaha. "Haya, mmeshinda, utani wa mwaka ni wenu. Mwezi ujao tutawalipa."

Kanisius aliita tena na tena. Kila aliloapa lilipokewa kama nyongeza ya mzaha. Hata alipopandisha sauti, walimsifu kwa kuigiza vizuri. Bodi nayo ilijibu kwamba haitangazi homa kabla ya nyekundu. Njia ya farasi kushuka Litembwe ilichukua siku nzima na usiku wake, na jioni moja ya mbu ilitosha kujaza wodi.

Aliweka redio mezani. Shangazi alikuwa zizini sasa. Watu wa Lihanga walikuwa wamezungushia kuta magunia ya nyasi ili asijiumize kichwa, na wanawake wawili walimfunika shingo kwa matambara ya maji. Kioo cha Blandina kilikuwa bado njano.

Kanisius alifungua mkoba, akatoa kichupa na sindano kubwa, akaivuta dawa taratibu.

"Dawa bado inafaa," alisema. "Nilimzalisha mama yake. Huyu alitanguliza matako, nikamgeuza kwa mikono hii. Mimi ni daktari wa farasi, Blandina. Farasi akiniuliza, nimjibu nini?"

Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

Blandina alilitazama jambo lile lote mara moja, jinsi alivyozoea kutazama farasi kabla ya kumnunua. Akichomwa, kengele ingenyamaza. Lihanga wangepona kwa mchanga wao, Shangazi angepona, na Litembwe wangeendelea kucheka mpaka mtoto wa kwanza aamke asiijue nyumba yao. Asipochomwa, mnyama asiyejua lolote kuhusu mabonde wala Bodi angeungua ndani ya fuvu lake mpaka nyekundu itokee. Hata dawa ya maumivu haikuruhusiwa, maana ilizima mpigo ambao kengele ilikuwa inausikiliza. Hapakuwa na njia ya tatu. Aliitafuta kwa uaminifu, hakuiona, akaacha kuitafuta.

Kisha aliona jambo jingine. Kanisius alikuwa ameshika sindano mbele ya farasi ambaye maumivu yake ndiyo yangewaokoa watoto wake. Akimchoma, ni baba gani? Asipomchoma, ni daktari gani?

"Nipe," alisema.

"Mama Kikoti..."

"Mimi ndiye mkuu wa kituo. Ninakukataza kumchoma. Ni amri. Farasi akikuuliza, mwambie Blandina Kikoti amekataza, na mwambie ninakaa wapi."

Alimtoa sindano vidoleni, akaisukuma dawa yote ikamwagika juu ya majani makavu, ili lisibaki jambo la kujadili. Kanisius alitazama doa lile likinywewa na majani. Hakuonekana mtu aliyeshukuru, wala aliyekasirika. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso.

Blandina aliingia zizini, akasimama upande wa kichwa cha Shangazi. Hakumwambia maneno ya kumfariji, kwa kuwa aliona ni ufedhuli kumfariji uliyeamua kumtesa. Aliweka bega lake kati ya paji la farasi na gunia, akaacha asukumwe. Kila sukumo lilimbana ukutani na kumtoa pumzi. Wanawake walimsihi atoke, akatikisa kichwa. Mchana ulipita juu yao. Shangazi alianguka magoti ya mbele, akainuka, akaanguka tena, na safari hii akalala ubavu, miguu ikikimbia hewani kana kwamba anapeleka posta ya haraka.

Kioo kikawaka nyekundu.

"Bodi," alisema Blandina kwenye redio, "mnaiona?"

"Tunaiona, mama." Sauti ya mkaguzi ilikuwa imebadilika. "Ndege zinaondoka. Lihanga na Litembwe. Tunawaagiza Litembwe wafunge madirisha."

"Waambieni ninyi. Sisi hawatusikii."

Aligeuka kumtafuta Kanisius. Alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake, na sindano nyingine mkononi, ile ya mwisho, ambayo haikuhitaji ruhusa ya mtu. Alipiga goti penye shingo nyekundu, akatafuta mshipa kwa kidole gumba, naye Blandina akashika kichwa. Miguu ilipunguza mwendo, ikatembea, ikasimama. Nje, ndege za Bodi zilipita chinichini juu ya mianzi na ukungu mweupe ukashuka nyuma yake.

5

Farasi wa kengele huzikwa kwa sheria, siku ya tatu, mbele ya mkaguzi wa Bodi, kina kirefu, ili mifupa isichimbuliwe. Watu wa Lihanga walichimba kaburi kwenye malisho ya chini, na walikuwa wanatafuta kamba za kumshushia Shangazi walipoona msafara wa farasi unatoka msituni. Walikuwa Wangoni wa Litembwe, watu ishirini na zaidi, na Batilda mbele yao amevaa koti kubwa la kiume lililogeuzwa ndani nje.

Hakumsalimu mtu. Alishuka, akapita katikati ya waombolezaji, akajitumbukiza kaburini na kulala chali.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele kutoka shimoni. "Mpaka tulishwe! Watani tumekuja kuzika, tunakuta kaburi halina hata kiti!"

"Toka humo, mla mbwa!" alijibu Mzee Yustini, sauti imejaa machozi.

"Mla mbwa ni wewe, uliyemlewesha marehemu! Shangazi gani huyu, anafungua msimu kisha anaufunga mwenyewe?"

Wangoni wengine walikuwa wameanza kazi ya watani. Mmoja alitembea miguu ikipishana, akaenda kuegemea bega la mkaguzi aliyetumwa na Bodi, akamsukuma kwa paji la uso mpaka mkaguzi akapiga mweleka. Mwingine aliimba kwa sauti ya kilevi kwamba Wahehe wana akili ya farasi, na farasi wao ana akili ya mtu. Kicheko kilianza kwa woga, kikatafuta njia, kikaipata. Kanisius alicheka ameinama, mikono magotini, mtoto wake mdogo amemng'ang'ania mguuni. Watoto wake wote wawili walikuwa wameletwa, mkubwa na mdogo. Blandina aliwasikia wakitaja majina yao walipoulizwa na wanawake.

Yeye hakucheka. Aliusogelea ukingo wa kaburi, bega lake likiwa bado limefungwa kitambaa, akamnyooshea Batilda mkono mzima. Batilda aliushika, akapanda juu, udongo mpaka kwenye nyusi. Hakuuachia mkono upesi.

"Nilicheka," alisema, kwa sauti isiyofika kwa wengine.

"Nilisikia."

"Wagonjwa wawili tu, mtani. Watu wazima. Wameshaanza kugombana na wauguzi." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Sasa sikiliza. Mabonde haya hayawezi kukaa bila kengele, na zamu yenu imeisha. Tunaye jike, mweusi, ana miaka minne. Hajachanjwa. Tulikubaliana kabla ya kuondoka, bonde zima."

Blandina alitazama kamba zikipitishwa chini ya tumbo jekundu, wanaume wa mabonde yote mawili wakigombea nafasi nzuri ya kushika na kutukanana kwa kukosa nguvu.

"Anapenda watu?" aliuliza.

"Anafuata watoto mpaka shuleni."

"Basi msimpe jina."

"Tumeshampa," alisema Batilda, akachukua koleo.